Gogo la Kumlazia Chui

Vijana mnaoingia sasa katika kazi ya kuwarudishia wanyama waliokufa sura ya uhai, pokeeni pongezi zangu. Nimeonyeshwa gogo mnalotumia siku hizi. Limetengenezwa kiwandani, lina rangi ya kijivu iliyo sawasawa pande zote, halina mdudu, halina ufa usio na kibali, na mtu mmoja hulibeba kwapani kama mkate. Sina shaka kwamba chui akilazwa juu yake huridhika, kwa kuwa amekwisha kufa na hana mahali pa kupeleka malalamiko. Sisi wa zamani tulikuwa washamba. Tulilitafuta gogo kwa miguu, na nitawaeleza jinsi utafutaji huo ulivyokuwa, msije mkadhani kwamba uzee wangu ulipita bila maarifa.

Nilifika Mikumi enzi za vijiji vya ujamaa nikiwa na shahada ya pili ya zuolojia, tasnifu kuhusu mifupa ya bega ya wanyama wa jamii ya paka, na imani kwamba taifa changa lilikuwa likinisubiri ofisini. Kweli lilikuwa likinisubiri, ila katika banda la mabati nyuma ya karakana ya magari, ambako ngozi ya nyati ilikuwa imelowekwa ndani ya pipa. Siku ya kwanza nilitapika. Siku ya pili nilitapika pia, lakini kwa utaratibu zaidi.

Fundi mkuu wa banda hilo alikuwa Mzee Athumani Mkude, mtu ambaye hakuwa na kasoro ya unyenyekevu. Alinipokea kwa kunitazama viatu, akaitikia shikamoo yangu, kisha akaniuliza kama huko nilikosoma walinifundisha kushona. Nilipomjibu kwamba nilifundishwa kuandika, alisema haidhuru, hata sindano ina ncha kama kalamu.

Jambo moja lilimuuma, na hamtaielewa habari hii msipolijua. Kabla ya Uhuru, Mzee Mkude alifanya kazi chini ya Mzungu mmoja aliyekuwa na vipaji viwili: kupiga risasi na kutia saini. Kila mnyama aliyeshonwa na Mzee alibandikwa kibao cha shaba chenye jina la Mzungu. Uhuru ulipokuja, Mzungu aliondoka na haki ikatendeka: vibao vya shaba viling'olewa, vikawekwa vya mbao vyenye jina la idara. Mzee alikuwa amekaribia kustaafu. Alikuwa ameshona simba, nyati, pofu, na mamba ambaye meno yake nusu yalikuwa ya mamba mwingine, na jina lake mwenyewe halikuwa limeandikwa chini ya mnyama hata mmoja.

Ndipo yakatangazwa mashindano katika maonyesho ya mkoa, Morogoro. Kulikuwa na kundi lililoitwa Viumbe katika Mazingira Halisi, na kanuni zake zilitamka mambo mawili. Kwanza, jina la fundi lingeandikwa kwenye kadi kwa herufi kubwa. Pili, mti au jiwe lolote analokaa mnyama sharti liwe katika hali yake ya asili, lisilochongwa, lisilosuguliwa, lisilopakwa kitu. Mzee alinisomesha kanuni ya kwanza mara kadhaa. Ya pili alinisomesha mara moja tu, akasema hiyo ni kwa ajili ya mafundi wa Dodoma.

Chui tulikuwa naye. Aliuawa barabarani na lori lililokuwa likikimbilia Zambia, na ngozi yake ilikuwa imekwisha kutiwa chumvi na dawa. Kilichokosekana ni mti.

Sasa tegeni sikio, maana hapa ndipo wengi wenu mnapoharibu. Mti wa kumlazia mnyama huchaguliwa kabla ya kiunzi chake kufungwa. Kiunzi ni ule mwili wa ndani, wa waya na majani makavu, ambao ngozi huvalishwa. Nao hupindwa kufuata mti, kwa sababu mti haukubali kupindwa kumfuata mnyama. Anayeanza na mnyama huishia na chui anayening'inia tawini kama koti lililosahauliwa.

Tena si kila mti mkavu unafaa. Mimi, kwa mujibu wa elimu yangu, nilipendekeza tukaokote ndani ya hifadhi, ambako miti iliyokufa imejaa. Nilielezwa kwamba tembo anaruhusiwa kuuangusha mti mzima, lakini mtumishi wa serikali haruhusiwi kutoka na kijiti. Nikaandaa hoja ndefu kuhusu maana ya neno "kutoka". Haikusikilizwa.

Mzee, kwa upande wake, alishikilia kwamba mti bora unapatikana Kilosa, kwenye kingo za Mkondoa, kila mto unapofurika na kuteremsha magogo. Tulikwenda. Magogo yalikuwepo, mazuri, meupe kama mifupa. Nilimweleza kwamba mti wa mto husuguliwa na mchanga hadi kuwa mviringo, ilhali mti wa juani hupasuka kwa urefu na kuwa na mistari kama uso wa mtu aliyechekesha watu maisha yake yote. Na kwamba chui wetu akionekana juu ya mti wa mto, jaji atauliza mafuriko yalimkutia wapi. Mzee aliniuliza kama jaji ni jamaa yangu. Hata hivyo alilizunguka lile gogo, akalipiga teke, akakiri kwamba lilifaa zaidi kwa kiboko. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukubaliana nami, na alihakikisha nisiizoee.

Kuna kosa jingine ambalo yeye mwenyewe alinisimulia kwa fahari, kana kwamba lilikuwa ushindi. Aliwahi kuwaweka tumbili juu ya tawi la mwembe lililopendeza sana kwa macho. Siku mgeni rasmi alipoinama kuwatazama, wadudu watoboa mbao walitoka tawini mmoja mmoja, wakapanda juu ya tumbili, wakatembea usoni kwao. Mgeni rasmi akadhani tumbili wanapepesa macho, akasifu sana ufundi. Tangu hapo Mzee akawa na desturi, nami nawaachieni: gogo ulilolichagua litandikie shuka jeupe chini yake, uliache lilale. Ukikuta unga asubuhi, ujue lina wapangaji. Liwekeni juani juu ya bati la moto mpaka wahame, au litafuteni jingine. Na kabla ya yote ligongeni kwa mgongo wa panga. Gogo zima hujibu kwa sauti kavu, ya juu. Lililoliwa ndani huguna.

Gogo letu tulilipata upande wa Rudewa, pale mashamba ya zamani ya mkonge yalipoishia na kijiji kipya cha ujamaa kilipoanzia. Kijiji chenyewe kiliitwa Tujitegemee, jina lililochaguliwa baada ya majadiliano marefu na maofisa waliokuja nalo tayari. Lilikuwa gogo la mkongo, mti uliokufa wima kabla sisi hatujazaliwa, ukaanguka, ukabaki unapigwa na jua na mvua hadi ganda na nyama laini ya nje vikaisha, ukasalia moyo mgumu wa kijivu wenye nyufa za kina. Katikati, pale mti ulipogawanyika, lilitoka panda pana, kana kwamba chui aliwekewa nafasi. Mzee Mkude aliugonga, akautazama, asione cha kulaumu. Mtu aliyemjua angeogopa.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Bi Mwanaidi, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili. Alitaka kujua gogo linakwenda kufanya nini. Mzee, akiwa na hadhira, alisahau kwamba lugha ina kiasi. Aliwaeleza wanakijiji kwamba gogo lao litasimama Morogoro mbele ya viongozi, kwamba juu yake atakaa chui ambaye hata chui wenzake watamsalimia, na akapiga kofi lile panda akisema, "Hapa ndipo atakapokaa mwenyewe."

Bi Mwanaidi alishika ufa mmoja kwa kidole. "Hapa panapokwaruza hivi?"

"Hapohapo, mama."

Alitikisa kichwa, akasema tusiwe na wasiwasi, kijiji kitalileta gogo Mikumi kwa trekta la ujamaa. Tulipima kila pembe, tukachora, tukarudi kufunga kiunzi. Mzee alimfunga chui katika mkao alioachiwa na Mzungu: amesimama kwa miguu ya mbele, mdomo wazi, meno nje, kama mtu aliyekanyagwa kwenye foleni. Nilimwambia kwa adabu kwamba mfupa wa bega haufiki hapo. Alinijibu kwamba wa kwake umefika.

Trekta liliwasili na gogo likiwa limefunikwa kanga mbili. Bi Mwanaidi alikuja nalo mwenyewe, pamoja na wajumbe, wote wakitabasamu. Alizivua kanga kama anayemfunua bibi harusi.

Panda lote liling'aa.

Pale Tujitegemee, kama katika kijiji chochote chenye heshima, hakuna kitu kinachosafiri kwenda kwa wakubwa kikiwa kichafu. Mtoto akipelekwa mjini huogeshwa na kupakwa mafuta. Gogo linalokwenda kuonana na viongozi litaachwaje na mavumbi ya miaka yote hiyo? Zaidi ya hayo, walikuwa wamemhurumia chui. Ngozi ya mnyama yule ingechanika kwenye nyufa. Kwa hiyo, baada ya kutoka shamba la pamoja, kijiji kizima kilikaa kulisugua gogo kwa majani ya msasa, kikaziba nyufa kwa nta ya nyuki, kikamalizia kwa mafuta ya nyonyo. Mkusanyiko wa jua na mvua, uliohitaji umri wa mtu mzima kutokea, uliondolewa na umoja wa wananchi kwa muda wa mapumziko. Sijawahi kuona mradi wa maendeleo uliokamilika kwa kasi ile.

"Tulitaka kulimaliza lote," Bi Mwanaidi alieleza kwa masikitiko, "lakini trekta likatuwahi. Tumepata pale anapokaa tu."

Nilimtazama Mzee Mkude. Kwa mujibu wa kanuni ya pili, chui aliyekaa juu ya mti uliosuguliwa angeondolewa kundini, na kadi yenye herufi kubwa ingeondoka pamoja naye. Mzee alilizunguka gogo taratibu. Alipitisha kiganja juu ya panda. Kisha akawashukuru, mmoja baada ya mwingine, akawaambia hajapata kuona kazi safi kama ile. Na kwa mara moja katika maisha yake alikuwa anasema kweli tupu.

Walipoondoka, aliketi juu ya pipa. "Haya, msomi," akasema. "Leo ndiyo siku ya kunionyesha walichokufundisha."

Nilimwonyesha. Misumari yenye kutu ikilowekwa katika maji ya ukwaju hutoa maji meusi, na maji hayo yakipakwa kwenye mti mgumu huugeuza kuwa wa kijivu. Hilo ni jambo la kweli, na mnaweza kulijaribu. Mnachotakiwa kukumbuka, na ambacho mimi nilikumbuka baadaye, ni kwamba mafuta ya nyonyo hayapokei maji. Panda liliota madoa ya zambarau, mithili ya mtu aliyepigwa. Mzee alilitazama, akasema sasa tunaweza kumwita daktari. Tulifuta madoa yale kwa mafuta ya taa, na panda likarudi kung'aa. Kutafuta gogo jingine hakukuwezekana; maonyesho yalikuwa yamekaribia, na mkongo wa aina ile hauoti kwa maombi.

Nikaanza kufikiri, ugonjwa ambao sijapona. Nilizunguka banda nikijiuliza kama sehemu iliyosuguliwa, ikifunikwa, imesuguliwa au imefunikwa. Kama kanuni inahusu kilichopo au kinachoonekana. Mzee alinivumilia kwa kadiri, kisha akaniuliza kwa nini nimesimama mbele ya taa. Nikaondoka kwenye mwanga, na wakati huohuo nikaona kwamba panda lililong'aa lilikuwa na urefu wa tumbo la chui na si zaidi. Wanakijiji walikuwa wamepima vizuri.

Chui aliyesimama hulionyesha panda. Chui aliyelala hulifunika.

Nilimweleza. Chui halisi, kusema kweli, hushinda mchana amelala tawini, kidevu juu ya mti, miguu minne ikining'inia. Kwa mkao huo mfupa wa bega hupanda juu hadi karibu na shingo, na hilo nililijua kuliko jina la mama mkwe wangu wa baadaye. Mzee alielewa mara moja gharama yake. Ilimpasa akivunje kiunzi alichokifunga, mdomo ule wazi aufumbe, na macho. Alikuwa na jozi moja ya macho ya kioo kutoka Ulaya, iliyoachwa na Mzungu, aliyoitunza ndani ya kopo la tumbaku akisubiri mnyama anayestahili. Chui anayelala hafumbui macho.

"Kwa hiyo nimshindanishe mnyama asiye na meno wala macho," alisema.

"Anayo, mzee. Hayaonekani tu."

"Kama jina langu."

Alichukua koleo, akaanza kukata waya.

Tulifanya kazi hiyo pamoja, mimi nikichora mifupa kwa chaki ukutani, yeye akipinda waya na kunitukana. Mara mbili nilimkatalia bega, mara mbili akalirudia. Naye alinikatalia mkia. Nilikuwa nimeuchora kwa usahihi kamili, akasema una usahihi wa kamba ya ndoo. Alipomaliza kushona, chui alilala juu ya lile gogo kwa uzito, tumbo limemiminika ndani ya panda, na pande zote mbili mti wa kijivu uliopasuka ukatokeza bila doa. Mtu aliyeingia bandani alishusha sauti bila kuambiwa.

Dhamiri yangu haikulala. Njia nzima hadi Morogoro nilimuuliza Mzee tutasema nini wakituuliza.

"Hawataniuliza kilicho chini ya tumbo," alisema. "Wewe hapo chini ya shati una nini?"

"Tumbo."

"Nani kakuuliza?"

Mwenyekiti wa majaji alikuwa mtaalamu wa mahindi, jambo lililomwezesha kuhukumu chui bila upendeleo wowote. Alizunguka, akainama, akawaita wenzake. Walinong'ona. Mmoja wao alikwisha kumwita karani wa kadi, na Mzee Mkude alikuwa amekwisha kukunjua mabega, wakati sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili iliposikika nyuma yetu. Bi Mwanaidi na wajumbe wake walikuwa wamekuja kulitazama gogo lao.

Aliwaamkia majaji vizuri. Akamsifu chui. Kisha nikaona uso wake ukibadilika, kama mzazi aliyekuta mwanawe amewekwa mstari wa nyuma.

"Sasa ndugu zangu, mbona mnaangalia huku pabaya?" akasema. "Hapa hatukuwahi. Pitisheni mkono chini ya tumbo. Pitisheni. Tumelainisha sisi wenyewe, kijiji kizima, laini kama sahani."

Jaji wa mahindi alipitisha mkono. Ulipotoka ulinukia nyonyo.

Lazima niwatendee haki majaji: hawakuwa wakali. Walisikitika. Walieleza kwamba kanuni ni kanuni, lakini kwa kuwa kazi ilihusisha mikono ya wananchi, ingehamishiwa kundi la Kazi za Vijiji vya Ujamaa. Huko, ikishindana na mikeka, vinu na mfano wa trekta uliochongwa kwa mti wa mpapai, ilipata ushindi wa kwanza papo hapo. Karani aliandika kwenye kadi: Chui Amelala. Kazi ya Kijiji cha Tujitegemee. Wajumbe walipiga vigelegele. Mzee Mkude aliketi juu ya sanduku la zana, akaanza kufuta koleo ambalo lilikuwa safi.

Bi Mwanaidi aliisoma kadi hadi mwisho, akaigeuza, akasoma na nyuma, ambako hapakuwa na kitu.

"Jina la fundi liko wapi?"

Karani alijibu kwamba katika kundi hili huandikwa kijiji. Mtu mmojammoja huweza kutajwa kijiji kikipenda, lakini awe mwanakijiji.

Mama yule alinitazama mimi, akamtazama Mzee, akatazama koleo. Nilimweleza kwa kifupi, kwa kadiri ninavyoweza kueleza kitu kwa kifupi, jina lile lilisubiri tangu lini. Hakuomba radhi. Alikwenda akasimama mbele ya sanduku.

"Fundi, umeandikishwa kijiji gani?"

"Nakaa nyumba ya serikali, Mikumi."

"Nyumba ya serikali ni ya serikali. Nakuuliza kijiji."

"Sina."

"Sisi tunapokea watu." Alimgeukia karani. "Andika jina lake, mwanakijiji wa Tujitegemee." Kisha akamrudia Mzee, na sauti ikawa ya mkutano. "Lakini sikufichi. Kwetu hakuna mwanakijiji wa kwenye kadi. Kuna shamba la pamoja, na zamu kila mtu anayo. Jembe uje na lako."

Mzee alitazama mikono yake, mikono ambayo alikuwa ameitunza kwa mafuta ya kondoo ili isikwaruze ngozi laini. "Mgongo unaniuma," alisema.

"Umeuinamishia chui, utauinamishia mahindi."

Nilidhani atakataa. Nilikuwa nimekwisha kuandaa hoja za kumsaidia, tatu za kisheria na moja ya kitabibu. Alitazama chui, akatazama kadi mkononi mwa karani.

"Mkude," alimwambia karani. "Athumani Mkude. Na hiyo kalamu yako, bonyeza. Unaandika kama unaiba."

Alistaafu msimu uliofuata, akahamia Tujitegemee, akajengewa nyumba kwa nguvu za pamoja, na nilitarajia kwamba angekimbia kabla ya palizi ya kwanza. Nilipokwenda kumtembelea nilimkuta katikati ya shamba la ujamaa, ameinama katika mstari na wenzake, akimlaumu jirani kwa kulima kombo. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba bila kuinuka.

"Kadi bado ipo?" aliuliza.

Nikamwambia ipo, mbele ya chui, ukumbini kwetu Mikumi, ambapo kila anayeingia huiona.

"Herufi hazijafifia?"

"Hazijafifia, mzee."

Alilima hatua mbili mbele akilitafakari hilo, kisha akanionyesha kwa kidevu jembe lililolala pembeni mwa mstari.

"Basi shika hilo," alisema. "Hapa hatuna nafasi ya wageni wa kusimama."